Tupeane uzoefu: uliwahi kushiriki utafiti wa dawa au chanjo, au ulikataa? Nini kilikufanya uamini au usiamini?

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam. Kwa miaka 9 nimekuwa mtu wa katikati. Upande mmoja watafiti, upande wa pili familia, na mimi nikibeba maswali ya huku na majibu ya kule. Swali linaloongoza ni la damu. Mnachukua kiasi gani, mnaipeleka wapi, inayobaki mnaifanyia nini?

Kuna mkutano mmoja sitausahau. Daktari alisema, "Tutachukua mililita 5 tu." Ukumbi ukaanza kunong'ona. Baba mmoja nyuma kabisa akauliza, "Hiyo 5 ni chupa ngapi?" Daktari akarudia mililita zilezile. Nikaomba kijiko cha chai na bomba lisilo na sindano, nikavuta maji yenye rangi nyekundu hadi kwenye alama ya 5, nikayamimina kwenye kijiko. Kikajaa bila kumwagika. Yule baba akaja mbele, akakishika mwenyewe, akakitazama muda mrefu, akampa mkewe. Kijiko kikazunguka ukumbi mzima. Minong'ono ya mumiani ikaisha hapo, na maswali mazito yakaanza: mtoto akipata homa usiku tumpigie nani, na utafiti ukiisha mnatuachia nini?

Watafiti wameandika sana kuhusu kujenga imani ya jamii. Sisi tunaochomwa sindano hatuandiki. Tuandike. Uliyekubali, uliyekataa, uliyeacha katikati, karibu. Majina ya vituo na ya watu tuyaache.

Mama wa mshiriki

Mwanangu alikuwa na mwaka 1 na miezi 2 nilipomwandikisha kwenye utafiti wa chanjo. Nilielezwa kwamba kuna makundi mawili, kura inapigwa na kompyuta, na hata muuguzi anayechoma hajui anachoma ipi. Nikakubali. Tulihudumiwa vizuri mno, homa kidogo tu gari limefika. Siku ya mwisho nikapewa cheti cha shukrani, basi. Majibu ya utafiti niliyasikia redioni nikiwa nafua. Mwanangu sasa ni kijana, ananiuliza alichomwa chanjo gani, na sina la kumjibu. Sindano sikuzijutia hata moja. Linaloniuma ni hilo la kutorudiwa.

Mwanzisha uzi

Pole sana mama. Kosa hilo nimelishuhudia zaidi ya mara moja, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, maana linaharibu kazi ya atakayekuja baadaye.

Kurudi kunawezekana, hata majibu yakiwa magumu kueleza. Chukueni utafiti mkubwa wa chanjo ya malaria ya RTS,S, uliofanyika kati ya 2009 na 2014 katika nchi 7 za Afrika, watoto zaidi ya 15,000. Waliokuwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakiangukia kundi la ulinganisho, yaani la wasiopata chanjo ya malaria, walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa ili nao wasitoke mikono mitupu. Wale wa umri huo waliopata dozi 4 za chanjo ya malaria walipungukiwa na malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka kama 4 ya kufuatiliwa. Mzazi aambiwe hivyohivyo, kwamba ni zaidi ya theluthi kidogo na chandarua kiendelee kutumika. Ukimwachia aamini kwamba mtoto amekingwa moja kwa moja, siku akiugua utaitwa mwongo, na hutapata la kujitetea.

Niliyeficha vidonge

Sijawahi kumwambia mtu habari hii. Nilikuwa kwenye utafiti wa vidonge vya kuzuia VVU. Kila mwezi vilihesabiwa, na kila mwezi hesabu ilikuwa sawa, kwa sababu vilivyobaki nilivitupa kabla ya kwenda. Nilivinywa wiki 3 za mwanzo tu. Kopo lilikuwa linalia mkobani nikitembea, rafiki yangu akaniuliza, "Umeanza dawa lini?" Alidhani nimeambukizwa. Tangu siku hiyo sikulibeba tena.

Dada wa kliniki walinipenda, walinipima mpaka presha, nikaogopa kuwavunja moyo. Halafu swali lenyewe lilikuwa, "Umekunywa vyote, eeh?" Utajibu nini zaidi ya ndiyo?

Mtunza takwimu

Dada yangu, asante kwa kusema, na hauko peke yako. Utafiti wa VOICE, nao wa dawa za kuzuia VVU, ulianza 2009, wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Kwa maelezo yao na kwa hesabu ya dawa zilizorudishwa, matumizi yalionekana kufika karibu asilimia 90. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana kwenye chini ya theluthi ya sampuli. Baadaye watafiti waliwarudia baadhi yao, wakawaonyesha vipimo vyao na kuwauliza kwa upole kulikuwa na nini. Hofu ya madhara ilitajwa, na hilo la kudhaniwa una VVU pia.

Sisi tunaokaa na majedwali tunadhani asiyetuamini atagomea mlangoni. Kumbe anaweza kuingia, akasaini, akahudhuria kila mwezi, na asituamini hata siku moja.

Baba niliyekataa

Nilikataa na bado nakataa. Nimesoma habari za Kano, Nigeria, 1996. Mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto wapatao 200 wakaingizwa kwenye utafiti wa dawa mpya, 11 wakafa. Kampuni ikasema waliuawa na ugonjwa. Wazazi wakasema hawakujua kama watoto wao walikuwa kwenye utafiti. Makubaliano ya malipo na serikali ya jimbo yalifikiwa 2009, miaka 13 baadaye. Nani ananihakikishia?

Mwanzisha uzi

Ndugu, sitakubishia. Machungu yale yalizaa mengine: mwaka 2003 Kano ilipositisha chanjo ya polio, kumbukumbu ya 1996 ilikuwa miongoni mwa vilivyochochea shaka, na polio ikasafiri hadi nchi zilizokuwa zimeshaimaliza. Kwangu mimi, mtafiti anayekuja kuomba ridhaa aitaje Kano yeye mwenyewe, kabla hajaulizwa.

Kukataa ni haki yako na huduma ya kawaida hupaswi kunyimwa. Siku ukiulizwa tena, uliza haya: nani amepitisha utafiti huu, nakala yangu ya fomu iko wapi, nikiumia nani anagharamia matibabu, nikitaka kutoka natokaje.

Muuguzi

Mimi nasoma fomu ya ridhaa, kisha naifunika na kumwambia mtu, "Haya, nieleze wewe sasa." Siku moja bibi mmoja alinieleza vizuri kila kitu, mwisho akamalizia, "...na daktari atanichagulia ile inayonifaa." Hapo nikajua hatujaelewana kabisa, maana hakuna anayemchagulia, ni kura. Tukaanza upya. Alisaini siku ya tatu, kwa kidole gumba, shahidi wake pembeni.

Mjumbe wa bodi ya jamii

Kwetu, kwenye bodi ya wanajamii wanaowashauri watafiti, ugomvi ulikuwa neno "majaribio". Watu walisikia kujaribiwa, kama panya. Tukaomba liondolewe, liandikwe "utafiti" tu.

Baba niliyekataa

Samahani mjumbe, hapo ndipo mnaponipoteza. Kama dawa haijathibitishwa, niambieni ni majaribio. Neno likifichwa, nitajiuliza kingine kilichofichwa ni nini.

Mjumbe wa bodi ya jamii

Umenigusa. Nitalirudisha mezani.

Mwanzisha uzi

Niko na baba hapo. Kuona kunasaidia kuliko kubembeleza. Kwenye mlipuko wa Ebola Kongo, 2018, huko Beni, shirika la misaada ya tiba la ALIMA liliweka vyumba vyenye kuta za plastiki angavu. Ndugu wakasimama nje wakimwona mgonjwa wao, wakizungumza naye, wakimwona anayemhudumia. Katika mlipuko huohuo ulifanyika utafiti wa dawa 4 kwa wagonjwa 681, na Agosti 2019 ukasimamishwa mapema kwa sababu dawa 2 kati ya hizo zilionekana kuokoa zaidi.

Mama wa mshiriki, bado upo? Ile nakala yako ya fomu unayo? Huwa kuna namba ya kamati ya maadili, ile inayopitisha na kusimamia utafiti. Una haki ya kuuliza mwanao alikuwa kundi gani.

Mama wa mshiriki

Nimeikuta kwenye bahasha ya kliniki, pamoja na kadi yake. Namba ipo ukurasa wa mwisho, maandishi madogo, mwanangu ndiye amenisomea. Jumatatu tunapiga. Anasema atauliza mwenyewe.