Mjadala: Je, upasuaji wa majaribio wa vibofu vya wanyama uendelee?

Mada ni kama upasuaji wa kujenga upya kibofu cha mkojo kwa wanyama wa maabara, unaokwenda sambamba na utafiti wa kupandikiza figo, uendelee kuruhusiwa. Mchangiaji aliyenitangulia ametaka upigwe marufuku kabisa, kwa hoja kwamba mbwa wa majaribio walitupa matumaini ambayo baadaye watoto wagonjwa waliyalipia. Hoja yake ni nzito na sehemu kubwa ni kweli, ila hitimisho lake silikubali.

Viungo hivi viwili havitenganishiki. Figo iliyopandikizwa hutoa mkojo, na mkojo huo sharti upate mahali pa kukaa bila shinikizo kubwa. Kibofu kilichokakamaa huusukuma urudi juu, na figo mpya huharibika taratibu kama ilivyoharibika ya kwanza. Suluhisho la siku nyingi ni kukata kipande cha utumbo na kukishonea kwenye kibofu. Tatizo ni kwamba utumbo umeumbwa kufyonza na kutoa ute. Hurudisha kwenye damu asidi ambayo figo dhaifu haiwezi kuimudu, na ute wake huziba, hivyo mgonjwa hulazimika kujiingiza mpira wa mkojo, kusukutua kibofu kwa maji na kuuvuta ute utoke, huku akimeza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, dawa zinazomweka karibu na maambukizi kila siku. Kumwambia mtu huyo kwamba mambo yabaki yalivyo si jibu.

Sasa niwarudie mbwa. Mwaka 1999 kundi la watafiti la daktari Anthony Atala, mjini Boston, Marekani, liliwatoa mbwa wa aina ya beagle sehemu kubwa ya kibofu, likakuza seli za misuli na za utando wa ndani zilizotokana na kipande kidogo cha kibofu cha mbwa huyohuyo, kisha likazipanda kwenye kiunzi chenye umbo la kibofu, misuli kwa nje na utando kwa ndani, na kukishona mahali pake. Vibofu hivyo vilirejesha karibu ujazo wote wa awali. Mwaka 2006 kundi hilo likatoa matokeo ya kutia moyo kwa wagonjwa 7 wenye mgongo wazi, yaani waliozaliwa na uti wa mgongo usiofunga vizuri. Lakini jaribio jingine, la watoto 10 wenye tatizo hilohilo, lililochapishwa 2014, halikuonyesha nafuu ya maana katika ujazo wa kibofu wala uwezo wake wa kutanuka, na baadhi ya watoto walipata madhara makubwa.

Mwenzangu anasema hapo mnyama alitudanganya. Mimi naona aliulizwa swali lisilo lake. Mbwa wale walikuwa wazima, neva zao zikifanya kazi, na seli zilitoka kwenye kibofu kisicho na ugonjwa. Mtoto mwenye mgongo wazi ana neva zenye hitilafu, kibofu kilichokakamaa kwa miaka, na seli zake huchukuliwa humohumo kwenye ugonjwa.

Hapa ndipo penye uchungu, na sitapaficha. Ukitaka mnyama afanane na mgonjwa, itakubidi umharibu neva kwanza, umshushe kinga, ndipo umpasue. Kadiri jaribio linavyokaribia ukweli ndivyo mateso yanavyozidi.

Kwa hiyo natenganisha mambo mawili. Ufundi wa kisu hauhitaji mnyama anayeamka baada ya upasuaji. Mwezi Mei 2025, mjini Los Angeles, binadamu alipandikizwa figo na kibofu kwa mara ya kwanza katika upasuaji mmoja uliochukua takriban saa 8. Figo ilitangulia, kibofu kikafuata, na mkojo ukaanza kutoka mara moja. Kabla ya siku hiyo madaktari walikuwa wamefanya mazoezi kwa nguruwe, kwa maiti, na kwa watu waliokufa ubongo ambao mashine iliendelea kuwapumulia. Lakini jinsi tishu iliyokuzwa itakavyokaa ndani ya mwili kwa miezi, chini ya dawa za kushusha kinga, haionekani kwa maiti. Hapo namruhusu mnyama, kwa idadi ndogo, na kwa sharti kwamba matokeo mabaya yachapishwe sawasawa na mazuri.

Anayetaka turuke hatua hiyo atazame yaliyompata daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini nchini Uswidi. Kuanzia mwaka 2011 aliwawekea wagonjwa koo bandia la hewa bila majaribio ya kutosha kwa wanyama, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikamhukumu kifungo cha miaka 2 na nusu. Sasa namwuliza mwenzangu: marufuku yake ikipita, ni nani atakayekuwa wa kwanza kushonewa kibofu kipya juu ya figo aliyoingoja kwa miaka, na atakapotia saini fomu ya ridhaa ataambiwa nini?