Grand Seiko: ya betri, Hi-Beat au Spring Drive?

mtoto_wa_mkunazini: Asalaam alaykum jamani, nimejichanga muda sasa nataka saa ya Grand Seiko moja tu ya maisha ila mashine zake zanichanganya, nichukue ipi? Mie huvaa saa Ijumaa na harusini, siku nyengine yakaa kabatini.

BabuSaa: Waalaykum salaam. Chukua ya betri yakhe, ile 9F haipotei zaidi ya sekunde 10 kwa mwaka, waitoa waivaa basi. Hi-Beat 9S85, ile ya springi tupu isiyo na betri, ukiiacha inalala baada ya saa 55 hivi, kila Ijumaa uanze kutia ufunguo na kuseti upya.

Bi_Chukwani: Betri kwa bei ile? Aka! Spring Drive 9R65 haina betri, yaenda kwa springi ila kuna kijiwe cha kwatzi ndani kinachoshika mwendo, ikijaa yakaa saa 72, na mshale wa sekunde hauruki wateleza tuu, utaangalia mkono hotuba ikupite 😂

fundi_darajani: Na sevisi? Mie nabadilisha betri na mikanda, Spring Drive siigusi, hiyo irudi kwa wenyewe.

mtoto_wa_mkunazini: Haya 9F, ila Bi Chukwani ushanitia tamaa wallahi