Tupeane uzoefu: watu tusiowajua tuliokutana nao katika bustani za mitaa yetu, Iringa, Mbeya na Njombe

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, nawasalimu kwa heshima. Ninaomba tukusanye hapa visa vya kukutana na watu tusiowafahamu katika bustani za mitaa yetu, zile bustani ndogo zenye mabenchi ya zege na mijakaranda, ambako mtu huketi kumsubiri mwenzake, kupumzisha miguu kabla ya kupanda mlima wa kwenda nyumbani, au kumalizia hindi lake la kuchoma. Visa vya kwenye basi na vya baa tuviache. Abiria wana safari moja na wanywaji wana meza moja, lakini bustanini watu wawili huketi benchi moja bila shughuli yoyote ya kuwaunganisha, na wakizungumza ni kwa sababu mmoja wao ameamua kumsalimu mwenzake. Miji yetu imejaa watu waliotoka Makete, Ludewa, Kilolo, Kyela na Ileje, wanafunzi wa vyuo, wagonjwa na wanaowauguza, na wengi wao hawana sebule ya kumkaribishia mtu. Kwao bustani ndiyo sebule.

Nianze mwenyewe. Ninaishi Iringa mjini, upande wa Gangilonga. Jioni moja aliketi karibu nami mzee aliyevaa koti zito la sufu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama ninajua kusoma vizuri maandishi ya serikali. Nilipokubali alitoa bahasha ya kaki iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaifungua taratibu, akanikabidhi karatasi bila kuziangalia. Ilikuwa hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri lake lilipita kwenye usuluhishi wa kata bila mafanikio, likapelekwa wilayani, na huko alishindwa na mtoto wa ndugu yake kuhusu kipande cha shamba.

Nilimsomea mara mbili. Nikamweleza jambo ambalo ni dhahiri hakuna aliyekuwa amemweleza, kwamba asiyeridhika na uamuzi wa baraza la wilaya katika shauri lililofunguliwa hapo anazo siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na kwamba siku hizo huhesabiwa kuanzia tarehe ya uamuzi, si tarehe aliyokabidhiwa bahasha. Akaniomba niandike tarehe ya mwisho nyuma ya bahasha kwa tarakimu kubwa. Nilimuuliza kwa upole kama nyumbani hakuna kijana wa kumsomea. Alinijibu: "Wapo, mwanangu, tena wamesoma. Lakini kila anayeweza kunisomea ni ndugu wa yule aliyenishtaki. Wewe hunijui, na jioni hii huna wa kumpelekea habari zangu."

Aliondoka bila kunitajia jina wala kijiji, nami sikumuuliza. Nimeliwaza sana jibu lake. Tumezoea kusema kwamba mtu husaidiwa na wanaomjua, na kwa kawaida ni kweli, lakini zipo shida ambazo mtu hawezi kuzitoa mbele ya wanaomjua, na mtu huyo akikosa mahali pa kukutana na asiyemjua atakaa nazo mpaka muda wa sheria umpite. Karibuni.

Mchangiaji wa Mbeya, mtaa wa Forest

Asante kwa mada hii. Yangu ni ya mwezi Julai, na wanaoijua Mbeya wanajua Julai ni nini: asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni akizungumza, na upepo wa mlima Loleza hauchagui nguo. Mdogo wangu alikuwa amejifungua mtoto njiti kabla ya kufika wiki ya 37, naye alilazwa pamoja na mtoto. Mimi nilikuwa nimetoka wodini muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, na kwa kuwa sikutaka kurudi nyumbani kisha nipande tena daladala jioni, nilikwenda kukaa kwenye bustani iliyo mbele kidogo. Nilikuwa na khanga moja tu mabegani.

Alikuja mama mmoja wa makamo, chupa ya chai mkononi na kikapu kichwani. Akanisalimu "Ugonile," nikaitikia "Ndaga," ingawa Kinyakyusa changu kinaishia hapohapo. Alinitazama, akafungua kikapu, akatoa blanketi dogo la mistari, akanifunika magoti kabla hata hajaketi. Kisha akamimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa na kuniuliza nauguza nani. Nilipomwambia kuhusu mtoto, machozi yakanitoka, kwa sababu nilikuwa nimemwona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo na kidole chake kilikuwa chembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Hakuniambia nisilie. Aliniuliza uzito wa mtoto na kama ananyonya au anakamuliwa. Akanieleza kwamba naye alilea njiti, na kwamba wauguzi walimfundisha kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia, soksi na nepi tu, amefungwa kwa kitenge ili asiteleze, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue vizuri. Alivua kitenge chake akanionyesha palepale kwenye benchi, akitumia chupa ya chai kama mtoto, jinsi ukingo wa juu wa kitenge unavyofika chini ya sikio na jinsi fundo linavyofungwa mahali ambapo halimgusi mtoto. Akaniambia jambo ambalo sikulijua: mama akichoka, baba au ndugu mwenye afya anaweza kumpokea mtoto kifuani vilevile, kwa sababu anachohitaji mtoto ni joto la mwili, naye akipoa hutumia nguvu zake zote kujipasha moto badala ya kukua.

Jioni hiyo nilimuuliza muuguzi kama ninaruhusiwa. Alinielekeza ninawe, akanikagua, akanifunga mtoto kifuani. Baada ya hapo tulipokezana, mdogo wangu akapata usingizi. Mtoto sasa anakimbia. Blanketi nilibaki nalo kwa sababu mama yule alikataa kulichukua, akisema kwamba yeye anakwenda Kyela na Kyela hakuna baridi.

Mchangiaji wa Iyunga, Mbeya

Mimi nilikutana na mzee kwenye drafti. Bustani nyingi za kwetu zina ubao wa drafti na vizibo vya soda, na nadhani ubao huo hufanya kazi kuliko benchi, kwa sababu mtu anaweza kusimama pembeni akitazama bila kueleza amefuata nini. Mzee alinifunga mara kadhaa, kisha akaniuliza ninakofanya kazi. Nikamweleza, nikaongeza kwamba hivi karibuni nitasafiri kwa treni kwenda Dar es Salaam. Hapo akaacha kete hewani.

Alikuwa mmoja wa vijana waliojenga reli ya TAZARA. Ujenzi ulianza 1970 na reli ikafika Kapiri Mposhi, Zambia, mwaka 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam, kwa mkopo na wataalamu wa China. Hayo nilifundishwa shuleni. Nisichofundishwa ni alichonieleza yeye kuhusu kipande cha kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi huku juu, na ambako madaraja na mahandaki yamefuatana kwa karibu sana kwa sababu mlima haukutoa nafasi. Alisema mvua ikinyesha udongo uliochimbwa mchana ulirudi usiku, na asubuhi walianza upya palepale. Alinigeuzia kiganja cha kushoto: kidole cha kati hakikunjiki tangu taruma lilipokiangukia. Mataruma, kwa wasiojua, ni yale magogo au zege yanayolaliwa na reli.

Nimepita kipande kile tangu utotoni, mara nyingi nikiwa nimelala. Safari iliyofuata nilisimama dirishani tangu Makambako. Ningependa vijana wa Mbeya wawatafute wazee hawa wakiwa bado wanakuja kucheza drafti, kwa kuwa aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 70.

Mchangiaji wa Njombe

Kwa ufupi. Mzee wa Kingoni kutoka Songea aliketi kando yangu, akaniuliza kabila, nikamwambia mimi ni Mhehe wa Kalenga. Akasimama, akadai nimlipie kahawa na kashata kwa niaba ya ukoo wangu wote. Watu waliokuwa karibu wakacheka, muuza kahawa akawa hakimu, nami nikalipa. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo wajukuu wanadaiana kashata. Tulizungumza hadi giza likaingia, na aliponielekeza kwa fundi wa pampu ya maji niliyekuwa nikimtafuta Njombe nzima, nilimnunulia kahawa nyingine kwa hiari.

Mchangiaji wa Kihesa, Iringa, mwanafunzi wa chuo

Nimesoma visa vyote kwa furaha, lakini naomba tuseme na upande mwingine, kwa kuwa msichana anayeketi peke yake bustanini si kila salamu anayopewa ni salamu. Nilikuwa ninasoma notisi zangu za mtihani. Mwanaume mmoja aliketi karibu mno, akauliza jina, chuo, chumba, na nilipofunga daftari akasogea zaidi. Nilihama benchi, akahama nami. Ndipo mama muuza karanga aliyekuwa ng'ambo ya njia akapaza sauti: "Mwanangu, mbona unakaa huko na mzigo unakusubiri huku? Njoo unisaidie kupima." Sikuwa nimewahi kumwona. Nilikwenda, akaniketisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanipa kikombe cha kupimia, nami nikapima karanga hadi yule mtu alipoondoka.

Mama yule alinieleza kwamba hufanya hivyo mara kwa mara. Huwatazama wasichana wanaohama benchi. Akiona mtu amehama na mwingine amemfuata, huita. Hamgombezi mwanaume, kwa sababu ugomvi humfanya abaki ili ajitetee, bali humpa msichana sababu ya kuondoka. Nimeanza kufanya vivyo hivyo. Nikiona dada anahama na kufuatwa, ninamwita kama tunayefahamiana na kumwambia amechelewa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi ni nani kabla hajafika niliposimama.

Mleta mada

Nakushukuru sana, binti. Kisa chako ni cha lazima katika mkusanyiko huu, na ninawaomba wanaume tunaosoma tukichukue kwa uzito. Anayetaka mazungumzo husalimu akiwa mbali kiasi cha mwingine kuweza kujibu au kutojibu, na mtu akihama benchi amekwisha kujibu.

Ninaona pia jambo linalojirudia katika masimulizi yenu. Kila kisa kina mtu ambaye kazi yake humweka bustanini kutwa, au kitu kinachompa mtu ruhusa ya kusimama karibu na wengine: karanga, kahawa, ubao wa drafti, benchi lililo karibu na hospitali. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ipo bustani moja ninayoijua ambayo wauza kahawa waliondolewa ili pawe safi, mabenchi yakapungua, na sehemu iliyobaki ikazungushiwa uzio ili ikodishwe kwa sherehe. Nyasi ni nzuri sasa. Lakini mzee mwenye bahasha hawezi kulipia ukumbi ili apate mtu wa kumsomea, na binti anayefuatwa hana wa kumwita.

Mchangiaji wa Mafinga

Naunga mkono. Kwetu kuna baridi na upepo, hivyo kinachowakutanisha watu ni jua. Benchi lililo juani saa nne asubuhi hujaa, lililo kivulini halina mtu. Nilimfahamu fundi aliyenijengea nyumba kwenye benchi la juani, tukiwa tumesogezana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, akaona nimechora ramani ya vyumba nyuma ya daftari la mwanangu. Aliniomba kalamu, akahamisha mlango wa jikoni ili moshi usiingie chumbani, akanirudishia. Sikuwa nimemweleza lolote. Nilimtafuta siku ya kuchimba msingi, na kabla ya kukubali kazi aliomba kwanza kuona upepo unakotokea kiwanjani.

Mleta mada

Bado sijapata kisa kutoka Tukuyu, Vwawa wala Makete. Tafadhali mnaotoka huko andikeni mlikutana na nani, palikuwaje, na mtu huyo alihitaji nini au aliwapa nini. Majina ya watu msiyaandike. Na kama bustani ya mtaa wako ina ubao wa drafti, benchi la juani au mama anayewaita wasichana, taja mtaa, ili mgeni atakayefika mjini kwenu ajue pa kuketi.