Mrejesho: pikipiki iliyokuwa inazima kila baada ya kilomita 3

Wakuu, nimerudi. Ni yule niliyewaomba ushauri humu kuhusu pikipiki yangu ya cc 125 ya mwaka 1994, ile iliyokuwa inazima njiani, ukisubiri dakika kumi inawaka tena, na bila choki haikai sailensi (kuunguruma taratibu bila kupewa moto).

Mkuu uliyesema nianze na mfuniko wa tenki, shikamoo. Nilichomoa mpira wa mafuta nikauelekeza kwenye chupa: petroli ikatiririka, ikapungua, yakabaki matone. Kuzungusha tu mfuniko, tenki likavuta hewa "fyuuu", mafuta yakarudi kwa nguvu. Kale katundu ka hewa kalikuwa kameziba kwa udongo mwekundu. Na mimi nilishanunua plagi mbili na koili nikidhani ni shida ya umeme!

Koki (ile ya kufungia mafuta chini ya tenki) nayo ilikuwa na kutu, nikaiosha. Kabureta nilifungua mwenyewe. Jeti ndogo (kile kipande chenye katundu kanakopitisha petroli ya sailensi) ilikuwa imeziba, ukiielekeza juani huoni mwanga upande wa pili. Aliyenionya nisiichokonoe kwa waya nilimsikiliza: niliiloweka usiku kucha kwenye dawa ya kabureta, asubuhi nikaipuliza kwa kompresa. Sailensi sasa imetulia bila choki.

Kilichogoma ni kuvuja. Nimepinda ulimi wa floti (boya la ndani ya kabureta) mara mbili kama mlivyosema, bado ikiegeshwa inadondosha mafuta. Sindano ya floti, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, ina mchirizi kwenye ncha, imelika. Nimeagiza nyingine, kwa sasa nafunga koki kila nikishuka.

Jana nimetoka Morogoro mpaka Chalinze, haikuzima hata mara moja. Asanteni sana.