Nataka kutoa Windows za kraki kwenye kafe yangu niweke Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows), naombeni ushauri

MamaKihonda

Wakuu habari za jioni. Nina kafe ndogo na steshenari hapa Morogoro, mashine 8, zote Dell za mtumba, Core i3 kizazi cha 4, RAM GB 4. Zote zina Windows 10 na Office za kraki, yaani zisizolipiwa leseni, alizoniwekea fundi. Sikuwahi kuuliza habari za leseni, na hapo nakiri nilikosea.

Mwezi uliopita alikuja binti kujaza maombi ya kazi Ajira Portal. Siku mbili baadaye akarudi analia: Gmail yake imebadilishwa paswedi, na kuna mtu anawaomba ndugu zake pesa kwa jina lake. Nikaita kijana anayejua haya mambo. Akapekua ile mashine, akakuta programu inayorekodi kila kitufe mteja anachobonyeza. Imeingia na lile faili la kuamshia Office bila leseni. Mashine 5 kati ya 8 zilikuwa nayo. Tangu siku ile silali vizuri, maana hawa watu wananiamini, wengine wananiachia hadi vyeti vyao.

Halafu Microsoft walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zangu hazina sifa za Windows 11. Kununua mashine mpya na leseni kwa mpigo siwezi. Hofu yangu ni wateja. Mtu akikosa Word anavuka barabara anaenda kwa jirani. Kazi zangu kubwa ni CV, mitihani ya shule, fomu za HESLB (mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) na kadi za harusi. Aliyewahi kupita njia hii anishike mkono. Natanguliza shukrani.

Kobe_wa_Mbeya

Pole sana mama. Mimi nilijaribu 2019 nikashindwa ndani ya wiki mbili, nikuambie kwa nini usirudie.

Nilibadilisha mashine zote usiku mmoja. Asubuhi printa yangu ya leza haikuchapa hata karatasi moja, draiva yake (programu ya kuiendesha printa) kwenye Linux ilikuwa ya kuhangaikia. Foleni ya wanafunzi mlangoni, mimi natafuta draiva. Pili, CV za watu zilifunguka zimevurugika, ukurasa mmoja umekuwa kurasa mbili. Wateja wakasema mashine zimeharibika. Baadaye ndipo nikajua tatizo lilikuwa fonti: LibreOffice, inayoshika nafasi ya Office kwenye Linux, haikuwa na Calibri wala Cambria, fonti za Word. Ukiweka fonti za Carlito na Caladea, herufi zake zina upana uleule, mistari inakaa mahali pake. Ni kitu cha dakika tano, kilinigharimu biashara.

Kwa hiyo printa kwanza. Weka Linux Mint ya Xfce (aina nyepesi ya Linux) kwenye flashi ya GB 8, washa mashine kwa hiyo flashi bila kufuta chochote, uchape, uskani. Ikigoma hapo, usiendelee mpaka upate printa inayokubali. HP nyingi zinakubali bila shida.

CyberEldoret

Dada, pole kwa hayo. Mimi niko na cyber Eldoret, mashine 10, tisa ni Mint. Hiyo moja nimeiacha Windows yenye leseni, kwa sababu ya fomu za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) za iTax, mfumo wa kodi wa Kenya, na mteja akileta faili ya Publisher (programu ya Microsoft ya kutengenezea kadi na vipeperushi). Angalia Dell zako vizuri, nyingi za mtumba huja na leseni yake kwenye kibandiko au ndani ya mashine yenyewe. Huenda hiyo moja tayari unayo.

Kilichonifurahisha zaidi ni akaunti ya mgeni. Unaiwasha kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia. Mteja akimaliza na kutoka, kila kitu alichoacha kinafutika: vyeti, picha za kitambulisho, Gmail aliyosahau kufunga. Zamani desktop zangu zilijaa makaratasi ya watu nisiowajua. Mwambie tu mteja mapema aweke kazi yake kwenye flashi au ajitumie kwa barua pepe, asije akapoteza.

Na zile flashi zenye virusi vya shotikati, Linux haiviendeshi. Mara nyingi utaona folda isiyo na jina, fungua, mafaili yake yote yamo humo. Kuna watu wanakuja kwangu kwa hilo tu.

mwl_tehama

Naongeza moja. Kiswahili kina bure na kina huru, na haya ni maneno mawili. Hizi ni programu huru: una haki ya kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kumnakilia mwenzako. Mwanafunzi akiipenda LibreOffice, mpe kwenye flashi aende nayo nyumbani, hujavunja sheria yoyote. Na si jambo geni kwetu, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili.

Kwa upande wa bando: mashine moja iwekee apt-cacher-ng (programu ya kuhifadhi masasisho ya Linux), masasisho yanashuka mara moja, nyingine saba zinachukua kwake.

Lakini mama, zile mashine 5 usiziache zifanye kazi hata leo. Zifomati. Na paswedi zako mwenyewe badilisha ukiwa kwenye mashine nyingine.

MamaKihonda

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimezima zote 5 tangu juzi.

Jana nilijaribu kwa flashi. Printa ya Epson imechapa, skana pia. Fotokopi kubwa ndiyo bado. Nikaweka Mint mashine namba 1 na namba 2, na zile fonti. Mzee mmoja mstaafu amekuja kuchapa barua ya mirathi, akakaa namba 2 saa nzima. Aliniita mara moja tu, kuuliza pa kubonyeza ili maneno yawe meusi zaidi. Sikumwambia kitu, na yeye hakuuliza kitu.

Kadi za harusi zinanisumbua. Nilizotengeneza kwa Publisher zikifunguliwa na LibreOffice Draw maua yanahama. Nimeamua nizichore upya kwa Inkscape (programu huru ya kuchorea), kiolezo kimoja kila jioni. Namba 8 nimekuta kibandiko cha leseni, itabaki Windows, bila kraki yoyote.

Yule binti nimempigia. Anakuja Jumamosi saa nne, tukae naye namba 1 tubadilishe paswedi zake zote, na maombi yake tuyapitie upya. Hatalipa.