Wanaoacha uhandisi: kweli hawana kichwa?

Mleta mada (Tabora): Wakuu, kuna kijana wa hapa mtaani kadisko (kaondolewa chuo kwa kufeli) uhandisi mwaka wa kwanza, na maneno ni yale yale: hakuwa na kichwa. Napinga. Huyu kasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), katoka na Divisheni One.

Angalieni kinachowakuta. Wiki za mwanzo anapewa ubao wa kuchorea na tisikweya (rula yenye umbo la T), anawekewa kipande cha chuma akichore kinavyoonekana kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni, na matundu yaliyojificha ayaonyeshe kwa mistari ya vipande vipande. Waliotoka shule za ufundi kama Ifunda au Moshi Ufundi wameshazoea. Yeye hajawahi kushika tisikweya, na darasa limejaa hadi mlangoni, nani atamuuliza kama kaelewa? Bumu nalo, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, limechelewa. Sapu (mitihani ya marudio) zinaanza hapo.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulikuta kwamba waliohama masomo ya sayansi na uhandisi hawakuwa dhaifu kuliko waliobaki. Ufundishaji mbovu ulilalamikiwa na makundi yote mawili.

Mchangiaji (Kigoma): Kwa heshima zote mkuu, unawadekeza. Daraja la Kikwete pale Malagarasi halikusimama kwa huruma. Shahada ni miaka minne, ukimaliza bado usajili wa ERB, bodi ya wahandisi. Asiyeweza aondoke mapema. Ila wazazi nao wamo: mtoto kapata A ya fizikia, tayari ni "injinia wetu", hakuna aliyemuuliza anataka nini. Wengi wanaoondoka hawakutaka hata kuingia.

Mleta mada: La wazazi nakubali kabisa, lipo hata kwenye ukoo wetu. La huruma, hapana. Sijaomba mtihani ulegezwe.

Binti wa dada yangu alitaka kuacha baada ya mwaka wa pili. Akapata PT (mafunzo kwa vitendo) kwenye tuta la reli ya SGR huku kwetu. Wanachimba kishimo, wanapima udongo uliotoka, kisha wanakijaza mchanga uliopimwa wapate ujazo wake. Hapo ndipo wanajua kama tuta limeshindiliwa vya kutosha. Hesabu zile zile zilizokuwa zikimliza darasani! Alirudi chuo, sasa yuko mwaka wa nne.

Lakini PT ya kwanza huja mwaka ukishaisha, na kijana wetu matokeo yameshamtoa. Kwa nini asipelekwe saiti muhula wa kwanza, hata siku mbili tu? Mnaofundisha vyuoni, semeni linakwama wapi.