ArcMap na mwisho wake wa Machi 2026: tuhamie ArcGIS Pro au QGIS?

MpimaMoro (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ni ya watu watano, tuko Morogoro. Tunapima viwanja na kusaidia vijiji kuandaa mipango ya matumizi ya ardhi na hatimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Tangu tuanze, kila kitu tumefanya kwa ArcMap, programu ya ramani ya kampuni ya Esri. Esri wameshatangaza kwamba toleo la 10.8.2, lililotoka Desemba 2021, ndilo la mwisho na mwisho wa msaada wake ni tarehe 1 Machi 2026. Najua tarehe hiyo haiizimi. Mwenye leseni halali ataendelea kuifungua, ila ikipata hitilafu hakuna wa kuirekebisha.

Tuna mafaili ya miaka kumi na moja. Ramani za mxd (mafaili ya ramani ya ArcMap) zinapita 300, na data nyingi zimo kwenye Personal Geodatabase, hifadhidata za zamani za Esri, zile za mdb. Kompyuta tatu zina RAM ya GB 8, moja ina 16. Naomba aliyehama kweli, iwe kwenda ArcGIS Pro (ya Esri, iliyochukua nafasi ya ArcMap) au QGIS (ya bure), atuambie: data za zamani zinafunguka? Mashine kama zetu zinahimili? Na halmashauri wakidai tuwapelekee data kwa muundo wa Esri, mtu wa QGIS anafanyaje?

Kadasta_Msa

Habari zenu. Niko Mombasa, nimetumia ArcGIS Pro tangu 2019 na siwezi kurudi nyuma. ArcMap ilikuwa ya biti 32, kwa hiyo hata ungekuwa na RAM ya GB 32, yenyewe haikuweza kutumia zaidi ya 4. Kazi ya kukata picha kubwa tulikuwa tunaiwasha jioni na kuomba asubuhi tuikute imekwisha. Pro ni ya biti 64, na kazi ile ile sasa naimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Ramani zako za mxd utaziingiza Pro na zitakuja na alama zake, lebo zake na mpangilio wa karatasi, karibu zote bila kuguswa. Na kwa kadasta (ramani za mipaka ya viwanja), zile sheria za topolojia (ploti zisipandane, kusiwe na mwanya kati ya jirani na jirani) ndani ya Pro ziko imara. QGIS ina kikaguzi chake cha topolojia, nimekijaribu, lakini kwangu bado hakijafika hapo.

Ila kuna mambo mawili yatakuumiza. Kwanza, Pro haifungui mdb. Haifungui kabisa. Nilipoingiza mxd yangu ya kwanza, leya kumi na nne kati ya kumi na sita zilikuja na alama nyekundu ya mshangao na ramani ikabaki tupu. Ilinibidi nirudi kwenye ArcMap, nihamishe kila mdb kuwa File Geodatabase (hifadhidata mpya zaidi ya Esri), ndipo niendelee. Kwa hiyo usiiondoe ArcMap kwenye mashine hata moja kabla hujamaliza kazi hiyo. Pili, skripti zote za zamani ziliandikwa kwa Python 2.7, na Pro inatumia Python 3.

Kuhusu mashine, GB 8 ndicho kiwango cha chini kabisa, Esri wenyewe wanapendekeza 32. Hizo tatu zako zitafunguka lakini zitasota.

BintiUnguja

Kaka wa Morogoro, kabla hujakata tamaa na hizo mdb, QGIS inazifungua. Wengi hawaamini, muundo wa Esri wenyewe Pro imeukataa na programu ya bure inausoma. Kwenye Windows unahitaji kiendeshi cha ODBC cha Microsoft Access, kiwe cha biti 64 kama QGIS yako. Utasoma tu, huwezi kuhariri ndani yake, lakini kusoma ndiko unakokuhitaji. Ukishaziona leya, zihifadhi kwenye GeoPackage, muundo huria wa faili la data za ramani.

Nakusihi, usizihifadhi kwenye Shapefile, ule muundo wa zamani wa Esri. Shapefile inakubali herufi 10 tu kwa jina la safu. Mimi niliwahi kupokea data za hati za kimila kutoka kwa mshirika wetu zikiwa na safu mbili, jina_la_mmiliki_mume na jina_la_mmiliki_mke. Zilipopita kwenye Shapefile, zote mbili zilikatwa zikawa jina_la_mm, na programu ikaibadilisha ya pili jina ili zisigongane. Aliyefuata alidhani ile ya pili ni marudio, akaifuta. Majina ya wake wa kijiji kizima yaliondoka kwenye jedwali na hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu ramani yenyewe ilionekana nzuri. Tuliyarudisha kutoka kwenye fomu za karatasi, jina moja moja.

Kwa picha za droni, QGIS inanitosha. Huku kwetu mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni ulianza 2016, na mafaili yake ni mazito. Siziunganishi kuwa faili moja. Natengeneza rasta pepe, faili dogo linaloelekeza kwenye vipande vyote, halafu najenga piramidi (nakala ndogo za picha ili ifunguke haraka). Kompyuta ya GB 8 inatembea nayo bila shida.

Kuchapisha nako ni kuzuri. Atlasi ya QGIS ni ndugu yake Data Driven Pages mliyoizoea kwenye ArcMap: unapanga karatasi moja, nayo inatoa ramani ya kila kiwanja na jina la mwenyewe juu yake. Tatizo ni mxd zako. QGIS haizifungui yenyewe. Ipo programu-jalizi ya SLYR ya kuzigeuza, lakini tegemea kurekebisha lebo na alama kwa mkono. Kwa ramani 300 ningechagua zile 20 zinazotumika kila siku, zilizobaki nihifadhi PDF zake.

MzeeWaMaikrometa

Vijana, mimi nimepima tangu enzi za minyororo na theodolaiti. Ngojeni niseme jambo ambalo halina Esri wala QGIS, na ndilo litakalowapotezea mashamba ya watu mkihama kwa pupa.

Ramani zetu nyingi za zamani, Tanzania na Kenya, ziko kwenye datamu (msingi wa kupimia mahali) ya Arc 1960, iliyojengwa juu ya umbo la dunia la Clarke 1880. GPS na picha za satelaiti ziko kwenye WGS 84. Huku kwetu zote mbili huandikwa UTM (gridi ya mita) kanda ya 37 kusini, na namba zake zinafanana sura kiasi kwamba huwezi kuzitofautisha kwa macho. Lakini ukichukua namba za Arc 1960 ukaiambia kompyuta ni WGS 84, kiwanja kinasogea kama mita 300 kaskazini.

Ofisi moja niliyofanyia kazi tulihamisha data kutoka programu moja kwenda nyingine, na faili la prj, linalotaja mfumo wa vipimo, halikufuatana na Shapefile. Kijana aliyekuwa zamu aliona mfumo haujaandikwa, akachagua namba ya mfumo 32737, ambayo ni WGS 84, badala ya 21037, ambayo ni Arc 1960. Tulikwenda uwanjani na kifaa mkononi kutafuta bikoni (alama ya mpaka). Kifaa kilitupeleka katikati ya shamba la minazi la mtu mwingine, na mama mwenye shamba akatuuliza kama tumekuja kumpima yeye. Hakulala usiku ule, na mimi sikulala. Bikoni tuliikuta kesho yake chini ya majani, kusini, pale pale ilipowekwa.

Kwa hiyo kila leya, kabla ya kuihamisha, andika kwenye daftari iko datamu gani na umejuaje. Kwenye QGIS, ukiona alama ya kuuliza pembeni ya leya, simama hapo hapo. Na nenda kwenye mipangilio uiamuru ikuulize pale ugeuzaji wa datamu unapokuwa zaidi ya mmoja, maana vigezo vya Kenya na vya Tanzania si sawa. Kwenye Pro utayakuta kwenye sifa za ramani, sehemu ya Transformation.

Kadasta_Msa

Shikamoo mzee. Hilo la prj ni kweli tupu, hata huku limetutesa. Niongeze tu kwamba Pro nayo ikikuta data haina mfumo itaichora bila kujua iko wapi, kwa hiyo si suala la programu ghali au ya bure.

jalizi_dev

Kuhusu QGIS 4: ilipangwa Oktoba 2025, ikasogezwa hadi Februari 2026. Kubwa lake ni kuhamia Qt 6, maktaba inayojenga madirisha na vitufe vyake, kwa kuwa Qt 5 imezeeka. Mtumiaji wa kawaida hataona tofauti kubwa siku ya kwanza. Watakaohangaika ni sisi tunaoandika programu-jalizi, kwa sababu zilizoandikwa moja kwa moja kwa PyQt5 (Qt 5 ndani ya Python) zinahitaji kurekebishwa. Ofisi inayohama leo ichukue toleo la msaada wa muda mrefu, ikae nalo. Orodhesheni programu-jalizi mnazozitegemea kweli. Mkikuta moja ambayo haijaguswa kwa miaka mitatu, tafuteni mbadala wake sasa.

Na suala la halmashauri: tangu GDAL 3.6 ya 2022 (maktaba ambayo QGIS huitumia kusoma na kuandika data), QGIS inaweza kuandika File Geodatabase. Leya na sifa zake zitafika salama. Sheria za topolojia hazitafika.

Mwana_Bukavu

Hapa Bukavu mimi natumia Linux, kwa hiyo sina la kulinganisha, Pro ni ya Windows tu. Uwanjani niko na QField kwenye simu, programu inayofungua miradi ya QGIS. Naandaa mradi kwenye QGIS, naupeleka kwenye simu, nafanya kazi siku nzima bila intaneti, nikirudi naunganisha. Umeme ukikosekana, simu inachajiwa na sola.

MpimaMoro

Shukrani sana, na shikamoo mzee. Nimejaribu mdb moja jana usiku kwenye QGIS. Mara ya kwanza iligoma, nikagundua kiendeshi kilikuwa cha biti 32. Nilipoweka cha biti 64, vitongoji vyote vya kijiji cha mwaka 2014 vikatokea. Nikaangalia mfumo wa vipimo: haujaandikwa. Nikafungua daftari la uwanjani la mwaka ule, Arc 1960.

Tumeamua hivi. Leseni moja ya Pro itakaa kwenye ile mashine ya GB 16, kwa kazi za kadasta na kuingiza mxd zinazotumika. Zile tatu zitaingia QGIS, zifanye mipango ya vijiji, picha za droni na atlasi. ArcMap inabaki kwenye kompyuta moja mpaka mdb ya mwisho ihamishwe, na hakuna kinachopita kwenye Shapefile. Dada BintiUnguja, nimezikagua safu za majina kwenye vijiji vitatu. Viwili viko sawa. Cha tatu kina safu moja tu ya mmiliki, na Jumatatu nakwenda masjala ya kijiji kuangalia fomu.